Bei ya kukataa

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mwigizaji akikataa nafasi asiyoiridhia moyoni, anajijengea heshima au anajinyima riziki? Najua wengi watachagua upande mmoja na kuutetea. Mimi nasema yote mawili humpata mtu yuleyule, tena mwaka uleule, na shahidi wangu ni mwigizaji Mmarekani Cicely Tyson, aliyefariki Januari 28, 2021 akiwa na umri wa miaka 96.

Wa rika langu tulimjua akiwa bibi tayari, ndani ya tamthilia ya How to Get Away with Murder, akiigiza mama mzazi wa Annalise Keating. Kuna kipande cha mwaka 2015 ambacho sijakichoka. Annalise, yule mwanasheria anayetetemesha mahakama nzima, amekaa chini mbele ya mama yake kama mtoto wa shule siku ya Jumapili, anachanwa nywele. Kitana kinapita, na mama anasimulia jinsi nyumba yao ilivyoteketea zamani, na mjomba aliyemharibu binti akiwa amelala ndani. Hatangazi kwamba moto aliuwasha yeye. Anachana tu, anaongea kwa sauti ya mtu anayekumbuka bei ya sukari, na wewe unayetazama unaelewa kila kitu. Viola Davis, aliyekuwa akichanwa, ni mwigizaji mkubwa kwelikweli, lakini pale alimwachia mwenzake uwanja wote.

Sasa, nafasi ya namna hiyo haikuwepo alipoanza kazi.

Alizaliwa New York, Desemba 19, 1924. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis katika Karibi, na mama yake alikuwa mtu wa kanisa asiye na mzaha. Sinema kwake ilikuwa dhambi. Binti alipokua akaajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya Msalaba Mwekundu. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba siku moja aliinuka pale mezani akatangaza kuwa Mungu hakumleta duniani aje kugonga mashine ya chapa maisha yake yote. Akawa mwanamitindo, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaingia kwenye uigizaji. Mama akamtoa nyumbani, na wakakaa muda mrefu bila kusemezana. Kwa hiyo wa kwanza kukataliwa na Cicely Tyson alikuwa mama mzazi. Baada ya hapo maprodyuza walikuwa kazi ndogo.

Mwaka 1961 alikuwa jukwaani New York katika The Blacks, mchezo wa Jean Genet, pamoja na James Earl Jones na Maya Angelou. Miaka miwili baadaye akaingia kwenye televisheni ya CBS, tamthilia ya East Side/West Side, kama katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii. Utasema katibu ni nini? Lakini mwaka 1963 mwanamke Mweusi kuonekana kila wiki akiwa na kazi ya ofisini, bila aproni, lilikuwa jambo geni. Na alionekana na nywele zake fupi za asili, bila kitana cha moto wala dawa. Alikuwa amezikata kabla ya hapo kwa ajili ya kuigiza mwanamke wa Kiafrika katika mchezo mwingine wa televisheni, akaona hakuna sababu ya kurudi kwenye saluni. Alikuwa akicheka akisimulia barua za wasusi waliolalamika kwamba anawaharibia biashara, wateja wanakuja kutaka kunyolewa kama yeye. Tamthilia yenyewe ilidumu msimu mmoja tu.

Hapo ndipo swali lenu linaanza kuuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Hollywood iligundua kwamba watu Weusi nao hununua tiketi, ikaanza kumwaga filamu za makuwadi, makahaba, wauza unga na wababe wenye bastola. Zilikuwa na pesa na muziki mzuri, na ziliwapa ajira watu ambao studio zilikuwa hazijawahi kuwafungulia mlango. Tyson alizikataa zote. Hapa nisimpambe kupita kiasi: sidhani alizitendea haki kikamilifu. Mwigizaji Pam Grier alitoka kwenye filamu hizohizo, na ukimtazama katika Coffy ya mwaka 1973 utamwona mwanamke anayeongoza filamu nzima bila kuomba ruhusa ya mtu. Kuna waliokubali wakatengeneza kitu.

Na kuna waliokubali kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar, tuzo kuu ya filamu ya Marekani, aliipokea mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind, na usiku huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake Wazungu. Watu Weusi wenyewe walimsema sana kwa kuigiza watumishi tu. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa heri alipwe dola 700 kwa wiki kumwigiza mtumishi kuliko dola 7 kuwa mtumishi. Sina la kumjibu. Aliyekuwa na njia moja tu huwezi kumuuliza mbona hakupita nyingine.

Tyson alikuja kizazi kimoja baadaye, mlango ukiwa umefunguka kidogo, akaamua kuusukuma. Tukiangalia alichokubali ndipo tunaelewa alichokuwa anakataa. Katika Sounder, filamu ya mwaka 1972, kwanza walimpa nafasi ya mwalimu, msomi, nadhifu. Akasema anamtaka Rebecca, mke wa mkulima fukara wa Louisiana anayelima ardhi ya mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Hebu fikiria: mtu anayepigania hadhi ya wanawake Weusi anamwacha mwalimu anachagua mwanamke mwenye gauni lililochakaa na vumbi miguuni! Akapewa. Mume wa Rebecca anafungwa kwa kuiba nyama ya kulisha wanawe, na shamba lote linabaki mikononi mwake na watoto. Siku mume anaporudi, Rebecca anaona mtu akichechemea kwa mbali barabarani, anasita, halafu anakimbia, mikono imetangulia, kwa mbio za mtu aliyesahau kwamba ana mwili. Sijui wangapi wamejaribu kuigiza mbio hizo tangu wakati ule.

Alipokuwa akiitangaza filamu hiyo alikutana na Mzungu mmoja aliyekiri kwamba kilichomshangaza ni kumsikia mtoto Mweusi akimwita baba yake kwa neno lilelile ambalo wanawe yeye humwitia. Tyson alisema maneno hayo ndiyo yaliyomfanya aamue kuwa hataigiza tena kwa ajili ya mshahara peke yake. Kama mtu mzima anaweza kufika umri huo bila kujua kwamba watoto wa watu wote wana baba, basi kila nafasi ya ukahaba na bastola ilikuwa inamwongezea ujinga.

Mwaka 1974 akaigiza The Autobiography of Miss Jane Pittman, filamu ya televisheni kuhusu mwanamke aliyezaliwa utumwani na kuishi hadi miaka ya harakati za haki za raia. Tyson alimwigiza tangu ujana hadi umri wa miaka 110, akikaa saa nyingi kwenye kiti cha wapambaji ili uso ukunjamane. Mwishoni kikongwe huyo anatembea peke yake na mkongojo hadi kwenye bomba la maji la Wazungu peke yao mbele ya mahakama, anainama, anakunywa. Filamu hiyo ilimletea tuzo mbili za Emmy, zile za televisheni. Kisha Januari 1977 akawa Binta, mama yake Kunta Kinte, katika Roots, tamthilia kuhusu ukoo uliotekwa utumwani, iliyorushwa na televisheni ya ABC usiku nane mfululizo.

Mtumwa, maskini, mjane, mama. Hata yaya aliigiza, katika The Help ya mwaka 2011, Constantine aliyelea mtoto wa Kizungu kisha akafukuzwa. Kazi ya mhusika haikumsumbua. Alichotaka ni mhusika awe na nyumbani kwao, awe na wanaomngoja, awe na jambo analolifikiria wakati Wazungu hawapo chumbani.

Haya, na riziki je? Alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Sounder, mwaka ambao Diana Ross naye aliteuliwa, na tuzo ikaenda kwa Liza Minnelli. Mtu angedhani baada ya hapo, na baada ya Emmy mbili, simu haitanyamaza. Ilinyamaza. Alieleza waziwazi kwamba kulikuwa na vipindi virefu vya kukaa bila kazi, na kwamba mihadhara vyuoni ilimsaidia kuishi. Magazeti ya miaka ya 1980 yalimtaja zaidi kama mke wa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, ndoa iliyofungwa mwaka 1981 na kuvunjika mwaka 1989, na hapo sina hamu ya kuongeza wino.

Ninachopenda kuliko tuzo zote ni subira yake juu ya The Trip to Bountiful. Aliitazama filamu ya mwaka 1985, habari za mama mzee anayetoroka mjini ili aone tena kijiji alikozaliwa, akamwambia wakala wake amtafutie nafasi kama hiyo, ndipo atakubali kustaafu. Ilimfikia mwaka 2013, jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, akiwa na miaka 88, baada ya miaka 30 ya kutokanyaga jukwaa hilo. Katika mchezo huo mama mzee anaimba wimbo wa kanisani, ule ambao sisi wa Tenzi za Rohoni tunaujua kama Ndiyo dhamana. Watazamaji waliolipia tiketi za Broadway, mahali ambapo hata kukohoa ni kosa, walianza kuimba naye, usiku baada ya usiku. Akapata Tony, tuzo ya michezo ya Broadway.

Nidokeze na hili, maana najua atatokea msomaji wa kuniumbua. Mwanamke huyu aliyekataa uongo kwenye miswada alidanganya umri wake kwa miongo kadhaa. Alipunguza takriban miaka kumi, na watu wakaamini alizaliwa miaka ya 1930. Sioni aibu yoyote hapo. Soko lililomchuja kwa rangi lingemchuja tena kwa umri, na mapambano mawili kwa mpigo yanachosha.

Oscar ilimpata Novemba 2018, ile ya heshima, akiwa na miaka 93. Hakuna mwanamke Mweusi aliyewahi kupewa hiyo kabla yake. Tangu alipoikosa kwa Sounder ilikuwa imepita miaka 45, na katika miaka hiyo yote hawakumteua tena hata mara moja. Kijana anayeniuliza kama akatae nafasi fulani, kwanza namuuliza kodi ya nyumba inalipwa na nani.