Kiungulia cha kaskazi: pita imepanda, na urojo unachangia

Dada, umeuliza kwa nini kiungulia na joto la mwili vinakuzidi kila msimu wa kaskazi, ilhali yoga huachi. Kwa dalili ulizozitaja, Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, ingekuhesabu mtu wa pita, yaani mwenye moto mwingi. Kaskazi tayari inaupandisha. Wewe unauongezea urojo wa jioni, embe mbichi na chatne ya pilipili juu yake, kisha saa moja baadaye unainama kugusa vidole vya miguu. Tumbo lililojaa likibanwa, asidi hupanda kooni. Subiri muda wa saa tatu baada ya kula. Bora zaidi, fanya mazoezi baada ya sala ya alfajiri, kabla hujala.

Anza na shitali, pumzi ya yoga ya kupoza mwili: kunja ulimi uwe kama mrija, vuta hewa kupitia humo, funga mdomo, toa taratibu kwa pua. Mara 8 hadi 10. Ulimi usipokunjika (wengine haukunjiki), kutanisha meno uvute hewa katikati yake. Kusimama kwa kichwa achana nako kwa sasa.

Usiku roweka kijiko cha chai cha mbegu za giligilani kwenye glasi ya maji. Asubuhi chuja, unywe. Kwenye chai, iliki badala ya tangawizi. Kujisinga, mafuta ya nazi. Ya ufuta huhesabiwa ya moto.

Unga wa dawa usiojulikana umetengenezwa wapi usiununue, baadhi umekutwa na madini ya risasi na zebaki. Na ukiona choo cheusi au chakula kinakwama kooni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.