Mtu kapiga tisa halafu kakosa penalti?

SWALI: Mhariri shikamoo, kuna jamaa kijiweni kwetu anang'ang'ania kwamba zamani Uingereza kuna mchezaji alifunga goli tisa mechi moja na rekodi haikumaliza hata msimu. Anatupiga kamba huyu au?

JIBU: Marahaba kijana. Wala hadanganyi, mlipeni soda yake. Ni msimu wa 1935-36, enzi hizo Daraja la Tatu lilikuwa limekatwa vipande viwili, Kaskazini na Kusini, ili timu zisisafiri mbali sana, na kila upande anapanda bingwa tu, wa pili ajipange mwakani. Sasa Krismasi ya 1935 Tranmere Rovers wakala 4-1 kwa Oldham, kesho yake wakarudiana Prenton Park, uwanja wa Tranmere, ndiyo, kesho yake, siku hizi kocha angelia mpaka basi, na Tranmere wakashinda 13-4! Mshambuliaji wao Bunny Bell peke yake kaweka tisa na penalti akakosa, yani kumi ilikuwa mkononi kabisa akaiachia.

Na ikamtokea puani, maana Aprili 13, 1936 huko Kusini, Luton wakampanga mbele Joe Payne, ambaye kwa kawaida alikuwa kiungo, sababu mastraika walikuwa majeruhi, akawapiga Bristol Rovers goli kumi, mechi ikaisha 12-0.

Ubingwa je? Kaskazini walibeba Chesterfield, Kusini Coventry. Tranmere na magoli yao yote wakabaki palepale.