ULIZA NESI: Mke wangu yuko kwenye chemo na korona imerudi, tusitishe safari?

SWALI: Dada nesi shikamoo. Mke wangu ana saratani ya titi, keshapata dozi tatu za chemo, zile dawa kali za saratani, hospitali ya Bugando Mwanza, ya nne ni mwezi huu wa nane. Sasa ndugu wamekuja juu, wanasema mabasi ya Mwanza yanajaza watu na kinga yake iko chini, akiipata korona tutakuwa tumemuua wenyewe, bora abaki nyumbani tumfukize nyungu mpaka hili wimbi lipite. Nimsikilize nani?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba kaka, na wifi mpe pole nyingi sana. Ndugu hawajakosea kuogopa, mtu wa chemo akipata korona anaweza kuumwa vibaya kuliko mimi na wewe, ila dozi haikatizwi na kikao cha familia. Saratani haisubiri wimbi lipite. Novemba 2020 jarida la BMJ lilitoa utafiti kwamba kuchelewa matibabu hata wiki nne tu kunaongeza hatari ya kifo, kwa hiyo kabla hamjaamua chochote piga simu kliniki uulize, daktari ndo anajua ipi inaweza kusogezwa na ipi haisogezwi. Kuna dawa za kila wiki zinaweza kupangwa kila baada ya wiki tatu, kuna wanaobadilishiwa vidonge, ila mionzi ikishaanza haikatwi katikati.

Omba pia kipimo cha wingi wa damu afanyiwe hapohapo Kigoma, hospitali ya Maweni, siku chache kabla ya safari, majibu umtumie daktari wake WhatsApp kama anakubali, manake inauma mtu anasafiri mchana kutwa anafika anaambiwa damu iko chini rudi nyumbani. Kwenye basi barakoa muda wote, akae dirishani na dirisha liwe wazi, mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Chanjo ya korona ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021, haina kirusi hai cha korona, amuulize daktari achome lini kati ya dozi na dozi, na nyie mnaokaa naye mkachanje.

Nyungu hapana jamani. Anaweza kuishiwa nguvu humo ndani ya blanketi akaungua, na mvuke hauui kirusi kilichoshaingia mwilini.

Sasa hili ndo naomba ulishike kuliko yote. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu zinashuka sana, akipata homa kipindi hicho sio ya kulala nayo. Huku kwetu homa ikianza tu mtu anasema malaria hiyo, anakimbia duka la dawa ananunua mseto na panadol, panadol inashusha joto, kila mtu anafurahi amepona kumbe bakteria wako kwenye damu na kesho yake hawezi hata kukaa. Nunueni kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, hata kama ni saa nane usiku, nendeni hospitali na kadi yake, na mkifika mlangoni msikae foleni kimya, semeni "huyu yuko kwenye chemo na ana homa", anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa haraka, ndani ya saa moja ikiwezekana. Malaria na korona watampima pia, sawa, ila antibayotiki isisubiri majibu.

SWALI: Baba ana saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Kliniki imesogezwa miezi miwili mbele sababu ya korona na mofini yake, ile dawa ya maumivu makali, inaisha wiki hii. Asubirie?
Msomaji, Nzega, Tabora

JIBU: Asisubiri mdogo wangu. Kilichosogezwa ni kliniki, maumivu yake hayajasogezwa. Mofini haikatwi ghafla, mwili unasumbuka. Piga simu leo ulizia kama ndugu anaweza kwenda na kadi kumchukulia dawa bila yeye kusafiri, wengi wanakubali hivo, na uulizie na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga. Ila akianza kuishiwa nguvu miguuni, au ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, hapo habari ya simu achana nayo, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukichelewa anaweza asitembee tena.