Gofu ya visahani kwenye miti: maswali kutoka Tanga

Barua za safari hii zinahusu gofu ya visahani kwenye viwanja vya vyuo vyenye miti mingi. Kwa asiyeujua mchezo: unarusha kisahani cha plastiki kutoka kianzio hadi kwenye kapu la chuma lenye minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa California mwaka 1975, kazi ya Ed Headrick, ambaye ndiye pia aliyebuni kapu la minyororo.

Nakwenda kusoma Marekani, na chuo changu kina uwanja wa mashimo 18 msituni, yaani njia 18 za kutoka kianzio hadi kapu. Hapa ufukweni narusha mbali sana. Ninunue kisahani cha kasi kuliko vyote? — Kijana wa Raskazone

Hapana, mdogo wetu. Visahani vingi vina nambari nne juu yake: kasi, kuelea, kupinda mwanzoni na kupinda mwishoni. Cha kasi 12 kinahitaji mkono wenye nguvu kweli. Kikirushwa polepole hakifuati nambari zake, huangukia kushoto mapema (kwa anayetumia mkono wa kulia na kurusha kwa mgongo wa mkono, yaani mkono ukivuka kifua na mgongo wake ukitangulia) na kuingia vichakani. Nunua vitatu tu: cha karibu chenye kasi 2 au 3, cha kati chenye kasi 4 au 5, na kimoja cha kasi 6 au 7. Uzito wa gramu 165 hadi 175 unatosha. Rangi nayo ni muhimu: chukua waridi au buluu ya mbingu. Kijani, kahawia na chekundu hupotea kwenye majani ukikiangalia hivihivi.

Kwenye uwazi narusha vizuri. Nikiingia kwenye miti nagonga mti wa kwanza kila mara. Kosa liko wapi? — Dada wa Chumbageni

Dada, anza na hesabu. Ukikosea pembe kwa nyuzi 3 tu, ukifika mita 20 umepotoka mita 1, na ukifika mita 60 umepotoka mita 3. Ufukweni hiyo mita 1 haionekani. Msituni pana shina mahali pake.

Kwa hiyo usilenge kapu, lenga mlango: ule uwazi kati ya miti ulio mita 15 hadi 25 mbele yako. Chagua kitu kimoja katikati yake, jani au doa la mwanga, ukitazame hadi kisahani kitoke mkononi. Wengi hulikodolea macho shina wanaloliogopa, na mkono hufuata jicho. Punguza nguvu ibaki kama saba kwa kumi. Acha zile hatua tatu za kukimbilia, rusha umesimama au kwa hatua moja, maana kila hatua inayoongezeka huhamisha mahali unapoachia.

Kisha chunguza unagonga upande gani. Kwa mkono wa kulia na mrusho wa mgongo wa mkono, ukigonga kulia daima unachelewa kuachia, aghalabu kwa sababu mkono unazunguka mwili badala ya kupita kifuani kwa mstari ulionyooka. Ukigonga kushoto, kinakuponyoka mapema. Kikipaa na kugonga matawi, pua yake, yaani ukingo wa mbele, imeinuka. Kinamishe kifundo cha mkono kama anayemimina kahawa kutoka kwenye dele, na pua itashuka.

Mazoezi: tafuta minazi miwili iliyoachana mita 3, isiyo na nazi zilizokomaa. Simama mita 15, rusha mara 20. Zikipita 15, rudi nyuma mita 5.

Kisahani kimetua nyuma ya mti. Naruhusiwa kukata tawi? — Mwanafunzi, Muheza

Huruhusiwi kukata, kuvunja wala kukunja tawi ili lisikuzuie. Majani makavu na vijiti vilivyoanguka unaweza kuviondoa pale unapoweka mguu. Mguu mmoja lazima uwe nyuma tu ya alama yako, yaani ile ya mahali kisahani kilipotua, ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30. Wa pili unaweza kuunyoosha pembeni mbali utakavyo, mradi usisogee karibu na kapu kuliko alama. Kupiga goti kunaruhusiwa pia. Jizoeze kurusha kwa kiganja, yaani kiganja kikitangulia mbele, kwani kisahani hicho huishia kulia na hukutoa upande ambao mgongo wa mkono hauwezi. Kama mlango ni finyu, toka pembeni urudi njiani. Kulazimisha tundu dogo ndiko kunakogeuza mirusho minne kuwa saba.

Kikipotea je? Na tukikuta siafu? — Wachezaji wawili, Pangani

Mnatafuta dakika 3. Kisipoonekana, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na kurudi uliporushia. Mwekeni mtu mbele asikilize kinapogonga. Siafu, nyuki au nyoka wakiwa hapo, sogeza alama nyuma kwenye mstari wa kapu hadi mahali pa karibu pasipo na hatari, bila adhabu. Vaeni suruali ndefu, na kichaka chenye upupu uliokauka msikiingie kwa ajili ya plastiki.

Chuo chetu kina mikorosho na miembe, ila makapu ni ghali. Tufanyeje? — Mwalimu, nje kidogo ya mji wa Tanga

Mwalimu, anza bila makapu. Funga kamba mbili za mkonge kwenye shina, moja sentimita 80 kutoka chini, nyingine sentimita 140. Kisahani kikigonga katikati, shimo limekwisha. Mashimo 9 ya mita 45 hadi 75 yanatosha.

Jambo tunalolisisitiza: ugumu usiwe bahati nasibu. Kutoka kianzioni mchezaji aione njia, pana mita 4 au 5 mwanzoni, na ikiwezekana awe na njia ya pili ya kuchagua. Miti iliyotapakaa ovyo, ambamo mrusho mzuri na mbaya hugonga sawasawa, haimfundishi mtu kitu. Mikorosho ina matawi yaliyoinama, inafaa kwa mashimo ya kurusha chini, ila wakati wa maua na mavuno iacheni.

Magome yanayochubuka, hasa yaliyo karibu na kianzio, yazungushiwe kamba ya mkonge upande unaopigwa. Njia ya kisahani isikatize njia ya wanafunzi wala kuelekea madirishani. Pitisheni wiki nzima mkijaribu kwa kamba tu kabla ya kugusa tawi lolote, kisha hamisheni vianzio vinavyoleta hatari.

Visahani vyangu vimepinda garini. — Msomaji wa Makorora

Ni joto. Kiloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka, kilaze juu ya meza, weka kitabu kizito juu yake hadi kipoe.