Lambrusco inataka chakula cha mafuta

Ukiona dukani divai nyekundu yenye povu iliyoandikwa Lambrusco, usiipite eti kwa sababu mtu alikwambia ni sukari tupu. Sifa hiyo ilitokana na chupa tamu za bei nafuu zilizouzwa kwa wingi Marekani miaka ya 1970 na 1980. Huku Modena, Italia, ninakoishi, mezani huwekwa zaidi ile isiyo na utamu, na hainywewi kavukavu bila kitu cha kutafuna. Soma lebo: secco haina utamu, amabile ina utamu wa wastani, dolce ni tamu kwelikweli. Kwa chakula cha chumvi na mafuta, chukua secco.

Kisha tazama aina ya zabibu, maana Lambrusco ni ukoo mzima. Mimi wangu ni Sorbara, wa kaskazini ya mji: rangi yake hafifu, inakaribia waridi, na uchachu wake unaleta mate. Mzabibu wenyewe msumbufu; chavua yake haizalishi, hivyo wakulima hupanda kando yake ndugu yake Salamino ili auchavushe. Grasparossa, ya vilima vya Castelvetro upande wa kusini, ni nzito, zambarau iliyokolea, na ina ukakasi unaobaki ulimini.

Sasa chakula. Mji huu ni wa nguruwe: mortadella (soseji nene na laini), prosciutto (paja lililokaushwa kwa chumvi), cotechino. Mwenzake ni gnocco fritto, vipande vya unga wa ngano vinavyokaangwa, kwa desturi katika mafuta ya nguruwe, vikavimba na kubaki na uwazi ndani. Mswahili akikiona atasema ni andazi lililonyimwa sukari na iliki. Unakipasua kingali moto, unalaza humo kipande chembamba cha mortadella, mafuta yanaanza kuyeyuka, unauma. Ukishakula viwili vitatu mdomo umeshateleza. Hapo ndipo funda la Sorbara baridi linapofanya kazi: uchachu unakata mafuta, povu linasugua ulimi, na mkono unarudi wenyewe kwenye sahani. Cotechino, ile soseji nzito ya kuchemsha, ipe Grasparossa. Jibini ya Parmigiano Reggiano ya miezi 24, iliyomegwa mapande, haibagui.

Kwa vyakula vyetu, kitimoto ya kukaanga na ndizi pembeni ndiyo yenyewe, ila pilipili ipunguze. Pilipili kali ikikutana na ukakasi wa Grasparossa inaacha uchungu mdomoni. Kama huwezi kula bila pilipili, basi hapo nakuruhusu amabile. Asiyekula nguruwe achome mbavu za mbuzi zenye mafuta yake. Samaki wa nazi hapana. Nimejaribu, na vyote viwili vilipoteza ladha.

Ipoze bila kuigandisha: nyuzi 10 hadi 12 kwa Sorbara, mbili zaidi kwa Grasparossa. Ukiona mashapo chini ya chupa, haijaharibika. Ni hamira iliyobaki baada ya divai kuchachuka mara ya pili humohumo ndani ya chupa. Isimamishe kwanza, halafu mimina taratibu. Wala usiifiche kabatini ukingojea harusi ya mwanao, kwani nyingi hutengenezwa zinywewe zingali changa. Ukishaifungua, imalizeni siku hiyohiyo.