Dawa za nano zipo tayari, na sio roboti

Kaka umeuliza kama dawa za nano, yaani dawa zinazobebwa ndani ya vichembe vidogo mno, ni roboti wa miaka ijayo, na kama mtu anaweza kutengenezewa yake peke yake. Hapana, sio roboti wanaotembea kwenye damu na wala sio mambo ya mwaka 2050, zipo tayari. Nyingi ni vitone vya mafuta vidogo mno, nanomita kama 100 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), dawa inakaa ndani. Chanjo ya korona ya Pfizer ndo hiyohiyo, mi nilikuwa nachanja huku Lindi 2021, tuliambiwa kichupa ukigeuze taratibu juu chini, usikitikise, maana vile vitone ni laini. Na dawa ya kansa ya Doxil Marekani waliiruhusu tangu 1995, ile dawa ikikaa ndani ya vitone inapunguza madhara yake kwenye moyo.

Ila dawa ya mtu mmoja mmoja kama ulivyouliza ndo bado changa, mwaka 2025 Philadelphia kuna mtoto mchanga katengenezewa yake peke yake ya kurekebisha jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), ikapelekwa kwenye ini kwa vitone hivyohivyo, na inaonekana imemsaidia ila madaktari bado wanamfuatilia. Kwa hiyo ndugu yangu, anayekuuzia matone ya "nano" ya kisukari pale stendi mwambie hapana, na dawa za klinik usiache kabisa.