Kabla ya kukata "hearing" kwa kalamu nyekundu

Wiki hii mmeuliza: "Je, barua ya kuomba kazi yenye kosa la Kiingereza itupwe?" Mimi ni katibu muhtasi, barua za watu hunipitia mikononi kila siku, na jibu langu la haraka ni ndiyo, hasa mtu anapomalizia na "I look forward to hear from you". Msemo wenyewe, yaani "natarajia kusikia kutoka kwako", umo katika barua nyingi rasmi za Kiingereza. Inatakiwa "hearing", basi.

Ila linalonikera zaidi ni wanaosahihisha.

Katika ofisi moja niliyofanya kazi, binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo aliandika barua ya kuulizia bei. Akamalizia vizuri kabisa, na "hearing" yake. Bosi akaikata ile "-ing" kwa kalamu nyekundu, akakandamiza hadi karatasi ikatoboka, kisha akamrudishia mbele ya watu: "Baada ya 'to' kitenzi kinakaa kitupu. Shuleni hukufundishwa?" Binti akasema, "Samahani, bosi," akaenda kuichapa upya. Kanuni aliijua, nilimwona alivyosita kwenye kibodi. Nikamfuata bosi chumbani kwake, nikafunga mlango. "Mzee, tukiondoa 'hear from you' tukaweka 'your reply', sentensi inasimama?" Akaisoma kwa sauti: "I look forward to your reply." Inasimama. "Na 'I want to your reply' je?" Akanyamaza. Nikamweleza kwamba hizo "to" ni mbili. Ile ya "want to" inatangulia kitenzi. Ya "look forward to" ni kihusishi, inataka nomino au kitenzi chenye "-ing". Ndiyo maana "I am used to working late", yaani nimezoea kufanya kazi hadi usiku, ni sahihi, na "I used to work late" nayo ni sahihi, ila hiyo inasema jambo jingine: zamani nilikuwa nikifanya kazi hadi usiku, sasa sifanyi hivyo. Akaamua barua iende kama binti alivyoiandika. Kumwomba radhi hakumwomba, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Nikiandika haya naona ukali wangu wa mwanzo unapungua. Sisi tukisema "natarajia kusikia kutoka kwako", hiyo "kusikia" ni kitenzi na ni jina papo hapo, hatulazimiki kuchagua umbo. Kiingereza kinalazimisha. Aliyeandika "hear" ameshika kanuni ya kweli, akaipeleka pasipo pake. Barua yake nisingeitupa. Ningeisoma yote, nimjibu, na tukikutana nimwonyeshe faraghani. Asiye na hakika aandike "I look forward to your reply", hapo hakuna pa kukosea.

Isipokuwa kama kazi anayoiomba ni ya kuhariri au kufundisha Kiingereza. Huyo ningesoma kwanza barua za wenzake.